Rangi Kwenye Uso wa Mtoto Imetoka Wapi?

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala kuhara. Leo ni mambo ya sherehe, ingawa kama ilivyo kawaida yetu, tutapitia mlangoni mwa kliniki kabla hatujaagana.

Nina hakika umeyaona haya. Ni Desemba, shule zimefungwa. Au ni sikukuu ya Idi, au mtoto wa jirani anatimiza miaka sita na mmealikwa kula keki. Uwanjani kuna nyumba ya hewa ya kurukia, kuna ngamia wa kupandwa, na pale kando, chini ya mwavuli, ameketi kijana mwenye brashi na visahani vya rangi. Watoto wamepanga foleni. Huyu anataka kuwa simba, yule kipepeo, mwingine anataka bendera ya Kenya kwenye shavu. Mtoto wako anaketi kwenye kigoda, anafumba macho, na baada ya dakika tano anainuka akiwa chui. Anajitazama kwenye kioo kidogo, ananguruma, anakimbia kuwatisha wenzake. Furaha ile, mama, haina bei.

Lakini bei ndiyo tunayouliza. "Ni pesa ngapi?" Ni nadra sana kumsikia mama akiuliza, "Na hii ni rangi gani? Imetengenezwa kwa kitu gani?" Swali hili la pili ndilo lililonileta hapa leo. Wako watu wengi, katika nchi nyingi, waliochelewa kuliuliza, na katika kila kisa nitakachokusimulia waliolipa zaidi walikuwa wanawake na watoto.

Tuanzie hapa kwetu. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, ukateremka hadi kwenye joto la Bonde la Ufa, utafika mahali panapoitwa Olorgesailie, huko Kajiado. Wengi wetu tulipasoma shuleni kwa sababu ya mashoka ya mawe. Mwaka 2018 watafiti kutoka Marekani, wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza kwamba hapo walipata pia vipande vya mawe ya rangi, vyeusi na vyekundu, vyenye umri wa miaka kama 300,000. Kimoja cha vile vyekundu kilikuwa na alama za kukwanguliwa na kutobolewa kwa mkono wa mtu. Ngozi huoza, kwa hiyo hakuna uso wa wakati ule uliobaki tuutazame. Lakini mtu hasagi jiwe jekundu ili alisonge ugali. Alitaka rangi.

Huko Afrika Kusini, katika pango la Blombos, kulipatikana makombe mawili ya baharini yaliyotumiwa kama bakuli za kuchanganyia rangi miaka kama 100,000 iliyopita. Habari zake zilitolewa mwaka 2011. Ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu uliosagwa, mkaa, na mifupa iliyopondwa, ambayo hutoa mafuta. Rangi, na kitu cha kuishikisha. Hadi leo anayetengeneza rangi ya uso hufuata njia hiyo hiyo.

Na desturi hii haikutoka mikononi mwetu. Wamaasai na Wasamburu huchanganya udongo mwekundu na mafuta au maji wakajipaka kichwani, shingoni na usoni. Katika sherehe ya Eunoto, moran anapoaga ujana wake, mama yake mzazi ndiye humnyoa zile nywele ndefu, kisha kichwa kinachong'aa hupakwa udongo mwekundu. Wabukusu, katika kila mwaka wa namba shufwa, humpeleka kijana mtoni alfajiri, akapakwa matope kabla ya kutahiriwa. Wagikuyu walikuwa na ira, udongo mweupe wa sherehe na baraka. Pwani, bibi arusi hupakwa liwa, unga wa msandali, uso ukawa laini na wenye kunukia. Nami nilipokuwa shule ya msingi, kwenye tamasha za drama, tulijichora ndevu za wazee kwa masizi ya sufuria na mvi kwa chaki. Mwalimu alitucheka hadi akaketi chini.

Katika mambo haya yote kuna jambo moja la kutazamwa. Aliyekupaka alijua udongo ule umechimbwa kilima gani, na nani aliusaga. Udongo mwekundu wenyewe ni kutu tu, ni chuma kilichoungana na hewa, na juu ya ngozi nzima hauna shida. Ukisoma pakiti ya rangi nzuri ya uso ya siku hizi, ile iliyotengenezwa kwa ngozi, utakuta wekundu wake mara nyingi ni kutu hiyo hiyo, ila imesafishwa kiwandani.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila cha zamani kilikuwa salama. Hebu tuje kwenye wanja.

Wamisri wa kale walijipaka macho, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Rangi ya kijani ilitoka kwenye jiwe la malakiti, na nyeusi ilitoka kwenye jiwe zito linalometameta liitwalo galena. Na galena, mama, ni jiwe la madini ya risasi. Kutoka Misri, Uarabuni na Bara Hindi, desturi ya wanja ilienea mbali, ikafika mwambao wetu na nyumba za Wasomali, hata leo. Nyanya humpaka mjukuu wake mchanga wanja machoni ili macho yawe makubwa na yenye nguvu, na pengine akaweka doa la wanja kwenye paji la uso kumkinga na jicho la hasidi. Anafanya hivyo kwa mapenzi. Nyanya wangu alinipaka mimi, na mimi simlaumu.

Lakini wanja si mmoja. Uko wa masizi, unaotengenezwa nyumbani kwa moshi wa taa ya mafuta. Na uko wa jiwe, unaosagwa na kuuzwa katika vichupa vidogo visivyo na maandishi, au vyenye maandishi ambayo mnunuzi hawezi kuyasoma. Huo wa pili unaweza kuwa karibu wote ni risasi. Mwaka 2011, huko Boston, Marekani, mtoto wa kiume wa miezi sita, wa wazazi wenye asili ya Nigeria, alipimwa damu akakutwa na risasi nyingi kupita kiasi. Wapimaji walitafuta nyumbani hadi wakafika kwenye kichupa cha wanja ambao kwao huitwa tiro. Wazazi walikuwa wakimpaka kwenye kope. Ulipopimwa, zaidi ya asilimia 80 ya wanja ule ilikuwa risasi.

Utaniuliza, "Lakini si upo juu ya ngozi tu? Unaingiaje mwilini?" Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole kinywani. Ndiyo njia yenyewe. Na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima. Ikiingia, huufanya mwili uidhanie ni kalisi, ile ile ya maziwa, ikakaribishwa kwenye mifupa na ubongo. Mtoto halii, hana homa. Baadaye, darasani, unaona hashiki anachofundishwa, hatulii, anakasirika upesi, au damu yake iko chini kila akipimwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Madhara yakishafika ubongoni, hakuna dawa ya kuyaondoa.

Kuna watu wamewahi kuniambia kwamba wanasayansi wa Ufaransa walithibitisha wanja wa Wamisri ulikuwa dawa. Ni kweli kwamba mwaka 2010 watafiti wa Paris waliandika kuwa chumvi fulani za risasi, kwa kiasi kidogo mno, zinaweza kuamsha chembe za kinga za ngozi. Walipima chembe katika maabara. Hawakumpaka mtoto mchanga machoni, na mimi nisingewaruhusu wampake wangu.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote, na ambacho sijasikia kikisimuliwa sana kwetu, ni cha Wajapani. Tukae nacho kidogo.

Kwa mamia ya miaka huko Japani, weupe wa uso ulikuwa ndio urembo. Wanawake wa jumba la mfalme, wake za wapiganaji waitwao samurai, na waigizaji wa michezo ya jukwaani iitwayo kabuki, wote walijipaka unga mweupe. Haukuishia usoni. Uliteremka shingoni, mabegani, hadi juu ya kifua. Unga wenyewe ulipendwa kwa sababu ulikaa vizuri, ulikuwa laini, haukupukutika. Na ulitengenezwa kwa risasi.

Dalili za kwanza zilionekana jukwaani. Mwaka 1887 mwigizaji mashuhuri, Nakamura Fukusuke, alikuwa akiigiza mbele ya Mfalme Meiji mwenyewe. Mguu wake ukaanza kutetemeka, asiweze kuuzuia. Madaktari wakasema ni sumu ya risasi kutoka kwenye unga wa kujipaka. Watu wakashtuka, viwanda vikaanza kutafuta unga usio na risasi. Lakini ule wa zamani ulibaki madukani, kwa kuwa ulikuwa rahisi na ulipendeza zaidi. Si unaijua hadithi hiyo, mama? Hata sisi sokoni kwetu, kinachong'aa hushinda kilicho salama.

Wakati huo huo watoto wachanga walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuuelewa. Mtoto alitapika, alipata degedege, alikuwa kama mwenye homa ya uti wa mgongo, lakini haikuwa hiyo. Wakaupa jina la kubahatisha na kuendelea kuandika kwenye madaftari yao. Mwaka 1923 profesa wa magonjwa ya watoto katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Hirai Ikutaro, alieleza chanzo chake. Ilikuwa ni sumu ya risasi, nayo ilitoka kwenye unga mweupe wa mama.

Hebu mwone mama huyo. Amejiremba vizuri, labda mumewe anarudi, labda kuna wageni. Mtoto analia. Anamweka kifuani anyonye. Shavu la mtoto linagusa kifua chenye unga, mdomo unagusa unga, kiganja kidogo kinashika shingo ya mama kisha kinaingia kinywani. Mama anaimba polepole. Na kadiri alivyompenda, akambeba na kumnyonyesha mara nyingi, ndivyo alivyomwongezea.

Baadaye sana, watafiti walipopima mifupa ya kale ya jamaa za samurai iliyofukuliwa katika mji wa Kokura, walikuta kwamba mifupa ya watoto walio chini ya miaka mitatu ilikuwa na risasi nyingi kuliko ya mama zao. Mama alikuwa amejipaka, na mtoto ndiye aliyekula. Serikali ya Japani ilikuja kuupiga marufuku unga huo katika miaka ya 1930, zaidi ya miaka 40 baada ya mguu wa Fukusuke kutetemeka.

Wazungu nao walikuwa na unga wao wa risasi, uliotengenezwa kwa kuacha mabamba ya risasi juu ya siki. Mwaka 1760 alikufa Uingereza mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri kuliko wote wa wakati wake, Maria Gunning, akiwa na miaka 27, na watu wakasema ni rangi zake zilizomuua. Hatutakaa huko. Ninachotaka ukione kwa Wazungu ni jinsi rangi ya uso ilivyogeuka kuwa mchezo wa watoto.

London, mwanzoni mwa miaka ya 1800, alikuwako mchekeshaji wa jukwaani aliyeitwa Joseph Grimaldi. Alijipaka uso mzima mweupe, akajichora pembetatu nyekundu kwenye mashavu, ili hata aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi auone uso wake ukicheka. Watoto walimpenda kupita kiasi. Wachekeshaji wote wa sarakasi unaowaona leo, wenye pua nyekundu na midomo mikubwa, ni wajukuu zake. Baadaye, mwaka 1873, mwimbaji wa Kijerumani, Ludwig Leichner, aliyechoshwa na unga wa risasi wa jukwaani, alianza kuuza vijiti vya rangi ya mafuta isiyo na risasi. Mwimbaji, si daktari! Ni yeye aliyekuwa akijipaka kila usiku, kwa hiyo ni yeye aliyeuliza swali. Rangi hizo za mafuta zilikaa vizuri usoni lakini zilikuwa ngumu kuondoa. Rangi za maji, zile za kulowesha sifongo na kuosha kwa sabuni, ndizo zilizoutoa mchezo huu jukwaani ukaingia kwenye maonyesho, shule na sherehe za kuzaliwa, nao ukatufikia hata sisi.

Sasa niruhusu nikuhadithie kisa cha hapa hapa, maana pengine umeanza kusema moyoni, "Hayo ya Wajapani yamepita."

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi ya uuguzi huko Pwani, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka saba. Siku kumi hivi kabla kulikuwa na harusi ya mjomba wake. Wanawake wote wamepambwa, na mtoto akalilia naye apambwe. Akachorwa ua zuri jeusi mkononi, na jani dogo shavuni. Saa moja tu likawa limekauka, jeusi tititi. Mtoto alilala akilitazama. Wino ulipoanza kufifia, mkono ukaanza kuwasha. Alipofika kwangu, lile ua lilikuwa limejichora tena, petali kwa petali, lakini kwa malengelenge. Na jani la shavuni vivyo hivyo, jicho la upande huo limevimba limefumba.

Mama alikuwa akirudia neno moja: "Nilidhani ni hina. Nilidhani ni hina."

Haikuwa hina. Hina ya majani ni ya kijani ikiwa unga, nayo huacha rangi ya machungwa au kahawia iliyoiva. Huhitaji saa nyingi kushika. Hina halisi haiwi nyeusi kama lami kwa saa moja. Ile nyeusi ni piko, nayo mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa kutia nywele rangi. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, au PPD kwa ufupi. Imewekewa sheria katika nchi nyingi kwamba itumike kwenye nywele tu, kwa kipimo kidogo, ioshwe upesi. Haikutengenezwa ikae juu ya ngozi, seuze ngozi ya mtoto.

Na usidhani hatari hiyo ni ya kugunduliwa jana. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ilikuwa na jamii hiyo hiyo ya kemikali. Wanawake walivimba macho, wengine wakapofuka, na mmoja akafa. Serikali haikuwa na sheria ya kuizuia. Picha zao zilitundikwa kwenye maonyesho ili wabunge wazione, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi, na rangi hiyo ikaondolewa madukani. Kwa hiyo wanasayansi walijua kabla nyanya wengi wanaonisikiliza hawajazaliwa.

Binti yule alipona, ila mkononi alibaki na ua la tatu, jeupe, ambapo ngozi ilipoteza rangi yake. Nilimwambia mama yake jambo ambalo nakuambia na wewe, kwa sababu wengi hawaelezwi: mwili uliokataa PPD mara moja haisahau. Akiwa mtu mzima, siku atakapotaka kutia nywele zake rangi nyeusi, anaweza kuvimba kichwa na uso, hata kushindwa kupumua. Aandike hilo mahali, na amwambie kila msusi.

Hata hina ya kweli ina neno moja. Katika sehemu zenye malaria nyingi, pamoja na Pwani na kando ya Ziwa, wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa wachanga wa namna hiyo, hina iliyopakwa mwili mwingi imewahi kuvunja damu yao, wakawa manjano na wadhaifu. Kwa hiyo mtoto mchanga asubiri. Arubaini yake itapendeza bila hina.

Turudi sasa chini ya ule mwavuli, kwa kijana wetu na visahani vyake.

Mwaka 2009 kundi moja la wanaharakati huko Marekani lilinunua rangi kumi za uso za watoto na kuzipeleka maabara. Zote kumi zilikuwa na risasi. Ilikuwa kidogo sana, si kama ya wanja wa jiwe, lakini hakuna pakiti iliyoitaja. Sita kati yake zilikuwa na nikeli, kobalti au kromiamu, madini ambayo huwasha ngozi. Mwaka huo huo rangi nyingine za uso zilirudishwa kutoka madukani huko, baada ya watoto kupata vipele, kuwashwa na kuvimba. Zilipopimwa zilikuwa zimejaa vijidudu. Hiyo ni nchi yenye sheria ile ya 1938.

Sijasema umnyime mtoto. Wangu wamepakwa, na nitawapaka wajukuu Mungu akipenda. Nimesema uulize. Mwambie kijana, kwa upole, kwa maana naye anatafuta riziki: "Kaka, hebu nione pakiti yake." Rangi iliyotengenezwa kwa uso ina maandishi yanayosema hivyo, ina orodha ya vilivyomo, na tarehe ya mwisho. Alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya, KEBS, itafute. Kama ameitia kwenye vifuniko vya soda na hajui ilitoka kopo gani, shukuru na umpeleke mtoto kwenye ngamia. Rangi ya maji ya kuchorea karatasi si ya ngozi, hata kama pakiti imeandikwa haina sumu. Maana yake ni kwamba mtoto akilamba kidogo hatakufa, si kwamba apakwe usoni. Rangi ya mlango na dirisha, rangi ya viatu, kalamu za wino mzito, hizo hata tusizizungumze. Nimeziona kwenye nyuso za watoto siku ya mpira. Kuziondoa walitumia mafuta ya taa.

Itazame pia sifongo. Kama ni moja kwa foleni nzima, na maji ya kusuuzia yamekuwa kama supu, basi choa cha mtoto wa kwanza na macho mekundu ya mtoto wa tano vyote vinakuja kwa wako. Unaweza kubeba sifongo chako mwenyewe kutoka nyumbani. Ni kipande cha shilingi chache, na hakuna atakayekasirika. Lile vumbi la kumetameta la kupambia kadi lisifike karibu na macho, maana hukwaruza mboni.

Mtoto asiyefika miaka mitatu asipakwe usoni, kwa kuwa kila kilicho usoni pake kitafika kinywani. Mwenye ukurutu, kidonda au chunusi zilizopasuka asipakwe hapo penye shida. Kama sherehe ni yako na umenunua rangi mwenyewe, siku moja kabla mpake doa dogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ulale nalo swali hilo hadi kesho yake. Pakiwasha au pakiwa pekundu, rangi hiyo irudi dukani. Ukiona mtoto amevimba midomo au uso, au anapumua kwa shida, usingoje asubuhi, kimbia hospitali. Na kama umekuwa ukimpaka mtoto wanja wa kichupa, acha leo, mpeleke kliniki pamoja na kile kichupa, umweleze muuguzi bila kuona haya.

Jioni, mkirudi nyumbani, chui wako atakuwa amechoka na hatataka kuoshwa. Atakuambia bado yeye ni chui. Usimwache alale na rangi. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuogea na kitambaa laini. Lowesha, subiri kidogo, kisha futa bila kusugua. Penye wekundu sugu paka mafuta kidogo unayompaka kila siku, ufute tena kwa pamba. Anza na mashavu. Masharubu yaache mwisho, ndiyo atakayoyalilia.